Pete ya Ndege na Kazi ya Karani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama huko Rasbura, Lindi. Imepigwa chapa kwa agizo la Kamati, kwa ajili ya wenzetu wa ofisi za mbali wasioweza kuhudhuria.)



Tumetakiwa na Kamati kusema machache juu ya ndege wadogo wasafiri, na jinsi wataalamu wanavyowavisha pete miguuni ili kujua watokako na waendako. Twajua ya kuwa wengine kati yenu, mlipoliona tangazo la hotuba hii ukutani, mlicheka, mkasema: Je, habari za mishahara zimekwisha, habari za nyumba za watumishi zimekwisha, hata tumefikia ndege? Hatuwalaumu. Lakini twaomba mtusikilize hata mwisho, kwa maana jambo lenyewe, ukilitazama vema, si la ndege tu. Ni jambo la rejesta, na nambari, na anwani, na barua iliyojibiwa au isiyojibiwa. Na hayo ndiyo mkate wetu.

Kila mtu aliyelelewa baina ya Kilwa na Lindi azijua pepo mbili, kaskazi na kusi. Kwa kaskazi vyombo vilishuka kutoka Uajemi na Omani na Hadhramauti, vikileta tende za Basra na mazulia. Kwa kusi vilirudi na boriti za mikoko, na pembe, na, kwa huzuni yetu, watu pia. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alisafiri kwa njia hiyo hiyo, wala hakuwa na nyingine. Basi, zamani sana kabla ya jahazi la kwanza kutweka tanga, walikuwako wasafiri wengine walioyafuata majira hayo hayo, bila nahodha wala dira. Waja Oktoba na Novemba, kaskazi inapokaribia. Waondoka Machi na Aprili, masika ikinyesha na kusi ikianza kubisha hodi. Sisi twawaona kila mwaka, wala hatuwaulizi habari za safari.

Hapa Rasbura hatuna haja ya kwenda mbali. Jioni moja ya mwezi wa Machi, kazi ikiisha, na asimame mtu mahali panapotazama hori la Lindi, maji yakiwa yametoka na matope yako wazi mbele ya mikoko. Atawaona vitwitwi wakikimbia na kudonoa, na wengi wao ni wazaliwa wa Urusi na Siberia. Juu ya nyaya za umeme atawaona barawai, ambao vitabuni huitwa mbayuwayu, wamejipanga bega kwa bega kama makarani wangojao mshahara mwisho wa mwezi. Na ndani ya matete, na kandokando ya mabonde ya mpunga, atawasikia ndege wadogo wa rangi ya majani makavu, wasio na pambo lolote, ambao wengi wetu hatuwaiti jina ila kusema tu "ndege wa matete." Hao wa mwisho ndio tutakao kuwanena hasa. Wao ni wadogo sana, waenda mbali sana, na kwa kuwa husafiri usiku, hapana awaonaye wakiondoka. Leo matete yamejaa sauti. Kesho asubuhi kimya.

Watu wa Ulaya nao kwa karne nyingi hawakujua ndege wao huenda wapi wakati wa baridi. Askofu mmoja wa Sweden, Olaus Magnus, aliandika mwaka 1555 kwamba mbayuwayu hulala chini ya maji ya maziwa, na kwamba wavuvi huwatoa pamoja na samaki. Msicheke sana, alikuwa mtu mwenye elimu, naye aliandika alilosikia. Moja la mambo yaliyowafungua macho, waungwana, lilikuwa mkuki wa Mwafrika. Mwaka 1822, karibu na Klütz katika nchi ya Mecklenburg, korongo mmoja alipigwa risasi, akaonekana ana mkuki uliopenya shingo yake, urefu wake karibu sentimita 80, nao ulikuwa wa mti na namna ya Afrika ya kati. Korongo yule alikuwa amechomwa huku, akaruka nao hata kwao. Hata leo yuko, amekaushwa, katika Chuo Kikuu cha Rostock. Tazameni basi: barua ile iliyochukuliwa na ndege kutoka Afrika hata Ulaya iliandikwa na mwindaji wetu mmoja asiyejua kushika kalamu, nayo ilisomwa sawasawa.

Lakini mkuki si njia ya kuandikia. Mwalimu mmoja wa shule katika mji wa Viborg, nchi ya Denmark, jina lake Hans Christian Mortensen, alijaribu mwaka 1890 kuwavisha kwezi pete za zinki, akaona ni nzito mno. Akangoja. Mwaka 1899 akatengeneza pete za aluminiamu, akaandika juu ya kila pete nambari na jina la mji wake, akawavisha kwezi 165 na kuwaachilia. Pete yenyewe ndiyo kazi iliyo ndogo. Fikira yake kubwa ilikuwa nambari. Watu walikuwa wamekwisha kufunga nyuzi na vitambaa miguuni mwa ndege tangu zamani, lakini uzi hausemi wewe ni nani. Nambari husema. Tangu siku ile ndege mmoja hakuwa tena "kwezi fulani"; alikuwa na faili lake. Mwaka 1903 Wajerumani wa Rossitten, pwani ya Bahari ya Baltiki, wakaanza kazi hiyo hiyo chini ya Johannes Thienemann, na korongo wao wakaanza kupatikana hata kusini ya Afrika.

Na hapa mtatuwia radhi tukikumbusha habari ya nyumbani. Katika miaka ile ile, tangu 1909 hata 1913, mifupa ya wanyama wakubwa wa kale ilikuwa ikichimbwa Tendaguru na kuchukuliwa na wapagazi hata bandari yetu ya Lindi, ikapakiwa kwenda Berlin. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ile iliweza kuunganishwa huko Ulaya kwa sababu kila sanduku na kila kipande kilikuwa na alama yake, na alama haikupotea njiani. Twataja hayo ili ijulikane kwamba kazi ya kuandika nambari vema si jambo geni katika mji huu.

Sasa twaomba mwisikilize habari ya pete moja, kwa kuwa ndiyo ituonyeshayo shauri lote. Mwezi wa Mei 1911, mwanasheria mmoja Mwingereza, John Masefield, alimvisha mbayuwayu pete nyumbani kwake Cheadle, katika jimbo la Staffordshire. Pete ilikuwa na nambari B830, na anwani ya Bwana Witherby wa London, ambaye alikuwa ameanzisha kazi hiyo Uingereza mwaka 1909. Mwezi wa Desemba 1912 mbayuwayu huyo alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba moja karibu na mji wa Utrecht, huko Natal, Afrika ya Kusini. Hapo ndipo palipo na fundo la kisa. Ndege amefika, pete iko, nambari yasomeka, na bado hapana mtu duniani ajuaye lolote. Ingaliweza kuishia pale. Mtoto angalichezea pete, ikaanguka chini ya kabati. Lakini mtu mmoja alitwaa karatasi, akaandika siku, na mahali, na nambari, akatia stempu, akapeleka barua London. Kwa barua ile moja ilijulikana kwa hakika, kwa mara ya kwanza, kwamba mbayuwayu wa Uingereza huvuka Afrika yote hata ncha ya kusini. Masefield alifanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ilifanywa na mtu asiyemjua, aliyekuwa na kalamu na wema wa kuitumia.

Tueleze kwa kifupi kazi yenyewe jinsi ifanywavyo. Wavu ni wa nyuzi nyeusi, nyembamba hata ndege hauoni mbele ya kichaka; urefu wake hupata mita 6 hata 18, na kimo mita mbili na zaidi. Hutandazwa kati ya vijiti viwili kandokando ya matete kabla ya alfajiri. Ndege akiupiga huanguka katika mfuko wa wavu wenyewe, akangoja. Wavishaji huuzungukia mara kwa mara, kwa maana jua likipanda ndege ataumia, na mtu asiyeuzungukia wavu wake hafai kupewa ruhusa. Ndege hutolewa kwa vidole, miguu kwanza, akatiwa katika kifuko cha pamba, akachukuliwa mezani. Hapo huvishwa pete kwa koleo yenye tundu la kadiri ya pete, isiweze kubana mguu. Uzito wa pete ya ndege wa matete haufikii sehemu moja ya mia ya uzito wake. Kisha hupimwa bawa kwa rula, na mwili kwa mizani. Tena mvishaji hupuliza manyoya ya kifua aone mafuta chini ya ngozi. Halafu mkono hufunguliwa, naye huruka. Yote hayo, kwa mtu aliyezoea, ni dakika moja au mbili.

Lakini mezani pale huketi mtu mwingine ambaye katika picha haonekani sana, naye ni mwandishi. Mvishaji hutaja nambari, mwandishi huirudia kwa sauti, kisha huandika: aina ya ndege, umri wake, bawa, uzito, mafuta, saa, mahali. Kosa la tarakimu moja hapo ni kubwa kuliko kumkosa ndege, maana ndege aliyekosekana hakudanganya mtu, na nambari iliyokosewa itadanganya milele. Sisi tuliotunza rejesta za vizazi na vifo, au za kodi ya ardhi, twalijua hilo bila kufundishwa.

Na mafuta ya kifuani yana maana kubwa, hasa katika miezi hii ya kuondoka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Bwana David Pearson aliwakamata na kuwapima ndege wasafiri kusini ya Uganda, penye vichaka na mabwawa, akaonyesha jinsi wanavyonenepa kabla ya safari ya kurudi. Ndege wa matete ambaye siku zote ni gramu 10 au 12 aweza kufikia gramu 20 kwa majuma machache. Fikirini mtu wa ratili mia na hamsini awe wa mia tatu kati ya Sikukuu ya Pasaka na mwezi ujao, kisha atoke mbio. Mafuta hayo ndiyo petroli yake. Mbele yake ipo nchi kavu ya Somalia, na bahari, na Bara Arabu, na jangwa juu ya jangwa. Akiondoka na tangi nusu, ataanguka njiani. Na petroli hiyo hutoka wapi? Hutoka kwa wadudu wa masika, katika matete na mabonde kama haya yetu. Bonde moja likichomwa moto mwezi wa Machi, au likajazwa kifusi, hapana ndege anayekuja ofisini kulalamika. Hesabu yake huonekana Mei, katika nchi nyingine, kwa viota visivyo na mwenyewe.

Mahali palipojulikana kuliko pote katika Afrika ya Mashariki kwa kazi hii ni Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, Kenya. Hoteli ya pale ilijengwa juu ya ukingo wa mlima, ikawekwa taa kali za kuwaangazia wanyama wanywapo maji usiku. Mwaka 1969 ikaonekana kwamba usiku usio na mwezi, ukungu ukishuka, ndege wasafiri wapitao juu kwa maelfu hupotewa, wakavutwa na taa zile, wakashuka vichakani. Bwana Pearson na Bwana Graeme Backhurst na wenzao wakaanza kuwavisha pete, na kazi hiyo hufanywa hasa Novemba na Desemba, wakati wa ndege kuja kusini. Tangu mwaka ule wamevishwa pete ndege zaidi ya laki tatu. Sasa sikilizeni hesabu ya pili: katika malaki hayo, pete zilizopatikana mbali na habari zake kurudishwa ni mia chache tu. Zimetoka Bara Arabu, na Urusi, na nchi za Ulaya. Kwa mia chache hizo tu imechorwa ramani ya njia yao. Zingalikuwa elfu, ramani ingalikuwaje?

Ndege apatikanaye kwa wingi kuliko wote Ngulia ni mmoja wa hawa wa matete, mdogo, wa gramu 12 hivi, ambaye huzaa vichakani penye maji katika Ulaya, naye hukaa wakati wa baridi kusini ya Afrika. Tungependa kumkalia kidogo, maana habari yake hutupendeza kuliko zote. Mwaka 1979 Bibi Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha uchunguzi wake juu ya nyimbo za ndege hawa huko Ubelgiji. Ndege huyu hana wimbo wa kwake. Huiga sauti za ndege wengine. Bibi yule, aliyejua ndege wa Ulaya na wa Afrika pia, alikaa kusikiliza, akatambua sauti moja moja. Katika madume 30 aliokuta aina 212 za ndege walioigwa, nazo 113 zilikuwa za Afrika. Kila dume mmoja alijua kwa wastani aina 76, na 45 kati yake za huku kwetu. Yaani kinda azaliwapo Ubelgiji huondoka mapema, husoma masomo yake katika vichaka vyote apitamo kutoka Ethiopia hata kusini, kisha hurudi kumposea mke kwa maneno ya Kiafrika. Mzungu afunguaye dirisha lake asubuhi ya Juni asikia ndege wa huku, asijue. Twasema wazi kwamba tangu tuliposoma habari hiyo hatuwezi tena kupita penye matete bila kusimama.

Hapo twapata jibu kwa wale wasemao kwamba hawa ni ndege wa Wazungu, na shughuli yao ni ya Wazungu. Huyu mwiga wa sauti hakai Ulaya hata miezi mitatu. Hufika huko mwishoni mwa Mei. Wakubwa huondoka Julai na Agosti. Mwaka uliobaki wote yuko Afrika au yuko njiani. Karani akaaye Lindi miezi tisa, na kwenda kwao likizo miezi mitatu, ofisi yake iko wapi? Sisi twasema ni wetu, nao wakimdai na wadai.

Tena si wote waendao Ulaya. Yuko jamaa yake mmoja, mkubwa kidogo, ambaye wataalamu humwita kwa jina la Basra. Karibu wote wa aina hiyo huzaa katika mabwawa ya matete ya kusini ya Iraki, ambako mito ya Tigrisi na Frati hukutana, na wakati wa kaskazi hushuka kukaa katika vichaka vya mwambao wa Kenya na Tanzania hata Malawi na Msumbiji. Ametoka pale pale zilipotoka tende za babu zetu. Basi, baada ya uasi wa mwaka 1991, serikali ya Iraki ya wakati ule ilichimba mifereji na kujenga kuta, ikayakausha mabwawa hayo kwa makusudi, ili kuwafukuza watu waliokaa humo. Kufikia mwaka 2000 sehemu tisa katika kumi zilikuwa zimekauka. Watu walipoteza nyumba za matete na nyati wao na uvuvi wao, na hilo ndilo ovu kubwa. Lakini ndege yule naye alipoteza kitanda cha uzazi, na wavishaji wa Ngulia wakaanza kumwona kwa uchache. Mwaka 2003, serikali ile ilipoanguka, wenyeji walivunja kuta kwa mikono yao, maji yakaanza kurudi. Mwaka 2016 mabwawa hayo yaliandikwa katika Urithi wa Dunia. Hata hivyo ndege huyo bado yumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Katika maelfu ya maili kati ya Basra na mwambao huu, habari yake itaandikwa na nani? Wale wa Iraki watachunga upande wao. Upande huu ni mabonde yetu, na watu wetu, na ofisi zetu.

Sasa tumefika penye jambo tulilolijia. Miaka michache iliyopita, katika ofisi moja ambayo hatutaitaja, mzee mkulima wa mpunga alileta pete. Mjukuu wake alikuwa ameua ndege kwa manati, wakaona chuma mguuni. Mzee aliogopa kidogo, akidhani labda ni mali ya Serikali, au dawa ya mtu. Lakini akaona ni haki kuipeleka boma. Alitembea kutoka alfajiri. Akaketishwa bao hata saa nane, kisha karani mmoja akaitazama pete, akacheka, akaitia katika mtoto wa meza pamoja na pini na kalamu zilizokwisha wino. Mzee hakuulizwa jina, wala kijiji, wala siku. Sisi tuliiona pete hiyo mwaka uliofuata, na neno Moskwa lilikuwa likisomeka bado. Tuliomba tuinakili nambari, tukaambiwa turudi kesho mwenye meza atakapokuwapo. Kesho yake meza zilikuwa zikihamishwa katika jengo lingine, na pete haikuonekana tena.

Mtu mmoja Urusi alikuwa ameamka kabla ya jua, akategesha wavu, akapima, akaandika. Ndege akavuka nusu ya dunia. Mzee akatembea. Katika safari hiyo yote kilichokosekana ni mistari minne ya karani.

Haiko ofisi yetu peke yake yenye shida ya namna hii, wala sababu si uvivu sikuzote. Mara nyingine ni hofu. Mwaka 2013, huko Misri, korongo mwenye chombo mgongoni alikamatwa na mtu aliyedhani ni mpelelezi, akachukuliwa polisi katika mkoa wa Qena, akafungiwa. Ikaonekana kwamba chombo ni cha wataalamu wa ndege cha kumfuata njiani. Basi akafunguliwa, na muda si mrefu habari zikaja kwamba ameliwa. Maskini, alishinda kesi akashindwa na chungu. Kama pale kituoni angalikuwako mtu mmoja aliyepata kusikia habari ya pete na alama za ndege, kisa kingalimalizika siku ile ile.

Kwa hiyo twaomba makarani wenzetu washike machache. Akipatikana ndege hai mwenye pete, pete isitolewe. Nambari isomwe mara mbili na watu wawili, iandikwe, naye aachiliwe. Aliyekufa, pete yake itolewe, ifungwe kwa gundi juu ya karatasi, na maandishi yote yanakiliwe, herufi kwa herufi, hata yale yasiyo na maana kwetu. Moskwa ni Urusi. Helgoland na Radolfzell ni Ujerumani. Stockholm ni Sweden. Safring ni Cape Town. Ziko za London na za Nairobi. Siku hizi pete nyingi zina anwani ya mtandao, na habari yaweza kupelekwa kwa simu ya mkononi bila stempu. Iandikwe siku aliyopatikana ndege, wala si siku pete ilipoletwa ofisini. Hizo ni mbili, na ofisi zetu huzichanganya daima. Kiandikwe kijiji na mahali palipo karibu pajulikanapo, na namna alivyopatikana: kwa manati, kwa ulimbo, amegonga dirisha, ameletwa na paka. Na katika jambo hili la namna twaomba sana mtu asikaripiwe. Mzee akisema kweli kwamba mjukuu amempiga, akaogofywa kwa faini, hataleta pete ya pili, wala jirani yake hataleta. Mafundisho juu ya manati yana siku yake na mahali pake shuleni.

Asidhani mtu kwamba tumesema kila mmoja atege wavu. Kukamata ndege bila kibali hakuruhusiwi na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kazi ya wavu hufundishwa kwa muda mrefu chini ya mtu aliyeizoea, kwa maana bawa la gramu 12 huvunjika upesi. Kazi tunayoiomba ni ile tuliyokwisha kusomea.

Na ziko ofisi za ndege ambazo hujibu. Wengine hapa mtashangaa kusikia kwamba iko ofisi duniani ijibuyo, lakini ndivyo. Mwenye kupeleka habari hupata kuambiwa ndege wake alivishwa pete wapi, na siku gani, na alikuwa na umri gani. Jibu hilo si la karani. Ni la yule mzee aliyetembea tangu alfajiri, na lafaa apelekewe kijijini, asomewe mbele ya mjukuu.

Kamati imekubali kununua daftari moja kubwa la mistari, nalo litakaa kwa Katibu. Nguzo zake zimekwisha kupigwa: nambari ya pete na maandishi, siku ya kupatikana, mahali, namna, jina la mleta pete na kijiji chake, siku barua ilipopelekwa, siku jibu lilipofika, na ya mwisho, siku jibu lilipofikishwa kwa mwenyewe. Hiyo ya mwisho tuliidai sisi, baada ya mabishano kidogo, na twamshukuru Bwana Mwenyekiti kwa kutuunga mkono. Wenzetu wa Kilwa wamesema watafungua la kwao. Orodha ya anwani imechapwa, nayo itatiwa pamoja na toleo hili ili kila ofisi iibandike karibu na kaunta, mahali pa kuonekana na watu wanaongoja.

Bwana Mwenyekiti, tuko tayari kwa maswali.